Mawingu Sebuleni

Najua wengi mlitaka tuendelee na mambo ya bajeti za harusi, lakini naomba mnivumilie. Mwezi huu nina la kwangu mwenyewe, la nyumbani kwangu kabisa, na nimeona bora niliseme hapa kuliko kumnong'oneza shosti mmoja halafu lifike ofisi nzima limeshaongezwa chumvi.

Jambo lenyewe ni kipande cha mti. Usicheke! Kipande hicho kilininunisha siku tano, kikamfanya mama mkwe wangu alale taa inawaka, na mwisho wake kikanifundisha kitu kuhusu mume wangu na kuhusu hili jiji la Dar es Salaam, ambalo nimezaliwa humo na sikuwahi kuliangalia vizuri.

Ilianza Jumamosi. Wenzangu mliowahi kuhama mtanielewa. Tulikuwa tumetoka kwenye nyumba ya kupanga Sinza, tukahamia kwetu Goba, nyumba ambayo bado tunaimalizia kidogo kidogo. Madirisha mawili makubwa ya sebuleni yalikuwa yamefunikwa kwa mashuka. Mimi na mume wangu tukakubaliana: hela ya miezi mitatu tunaweka pembeni, tunanunua mapazia. Kitambaa nilishakichagua. Fundi nilishampata. Siku hiyo mzee akatoka asubuhi akafuate kitambaa Kariakoo.

Saa nane mchana akarudi. Hana kitambaa. Kabeba kitu kimefungwa kwa magazeti na kamba ya katani, anatembea polepole kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Akakiweka juu ya meza, akafungua gazeti moja moja. Kikatokea kitu cheusi, kinang'aa, urefu kama dhiraa moja na nusu. Kimejipinda, kina matundu, kina mikono myembamba inayozunguka na kurudi ilikotoka. Hakina kichwa, hakina miguu. Ukikaa upande huu unaona moshi, ukihamia upande ule unadhani ni mtu ameinama, ukisogea hatua moja huyo mtu hayupo.

"Nini hiki?" nikauliza.

"Mawingu."

"Nimekuuliza nini hiki."

"Kinaitwa mawingu. Ni mtindo wa Wamakonde."

"Kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu. Kinakaa."

"Na mapazia?"

Kimya. Hapo ndipo nikajua mapazia yangu yako wapi. Yalikuwa juu ya meza, yamejipinda, yana matundu.

Bei sitaitaja, mama yangu mzazi anasoma gazeti hili. Maneno niliyosema siku ile nayo sitayaandika. Nitasema tu kwamba sikuwa na hasira ya hela peke yake. Nilikuwa na hasira kwa sababu mume wangu, mtu ambaye kwa miezi mingi alikuwa hazungumzi, amerudi nyumbani na kitu kisichozungumza, na nikimuuliza maana yake nini anainua mabega. Nilijiona nimezungukwa na vitu viwili nisivyovielewa, kimoja cha mti na kimoja cha nyama.

Tukanuniana. Jumapili, Jumatatu. "Chakula kiko mezani." "Asante." Basi.

Mama akaja

Jumanne mama mkwe akaingia kwa basi kutoka Tanga, alikuwa na miadi ya daktari wa macho. Mama huyu ni mtu wangu. Ananiita mwanangu, na sijawahi kusikia kwake neno la kuniumiza. Mwaka jana alifiwa na mumewe, yaani baba mkwe wangu, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza kuja kwetu tangu amalize eda. Nilitaka akute nyumba imetulia.

Akakaa kwenye kochi, nikamwamkia, nikamletea chai ya tangawizi. Macho yake, hayo hayo yaliyokuja kutibiwa, yakatua kwenye kabati la vyombo. Juu yake mume wangu alikuwa ameweka mawingu yake.

"Mwanangu, kile ni nini?"

Kabla sijajibu, mwanawe akaingia kati. Akaeleza kwamba ni urembo tu, kwamba si sanamu, hakina macho wala pua wala mdomo, kwa hiyo hata kidini hakina tatizo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Hakina sura," akasema. "Ndiyo maana ninakiogopa. Chenye sura ningejua ni nani."

Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama si yale mashetani ya Wamakonde. Mume wangu akasema hapana mama, shetani ni mtindo mwingine, huu ni mawingu. Jamani! Ukitaka kumtuliza mtu, usimwambie shetani ni mtindo mwingine.

Usiku ule mama alilala taa inawaka. Asubuhi nikakuta kinyago kimefunikwa gubigubi kwa khanga yake, kama mtoto aliyekingwa baridi. Hakuna aliyesema neno. Tukanywa chai watu wazima watatu, na mawingu yamejifunika.

Kwenye vibanda vya Mwenge

Alhamisi nikaamua. Nikaomba ruhusa ya nusu siku kazini, nikakifunga kinyago kwenye taulo, nikakiweka kwenye buti la gari, nikaenda Mwenge kwenye soko la vinyago. Nia yangu ilikuwa moja: kukigeuza kiwe mapazia tena.

Niseme ukweli. Nimepita Mwenge maisha yangu yote, lakini pale ndani kwenye vibanda niliwahi kuingia mara mbili tu, na mara zote nilikuwa nampeleka mgeni kutoka nje. Kwa mtu wa Dar, vinyago ni vitu vya wazungu. Sisi wenyewe sebuleni tunaweka maua ya plastiki, na ukutani picha ya daraja la New York iliyokuja kwenye kontena. Bisha!

Kijana wa kibanda cha kwanza akakiangalia, akataja bei. Haikufika hata nusu ya ile aliyotoa mume wangu. Nikiwa napiga hesabu ya mita za kitambaa, mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma ya kibanda kwenye kigogo, patasi mkononi, vumbi jeusi mpaka kwenye kope, akasema, "Hebu kilete huku, binti."

Nikampelekea. Akakiweka chini kwenye mwanga, akakizungusha taratibu kwa vidole viwili.

"Kwanini unakiuza?"

"Mzee, sijui maana yake."

Akacheka, si kwa dharau. Akanyoosha kidole juu. "Lile wingu pale, umewahi kuliuliza maana yake?"

Nikanyamaza. Akaendelea. Akaniambia mpingo haukubali kulazimishwa. Una ufa, una tundu, una sehemu imeoza ndani, na mchongaji anajua hayo akishaanza kukata. Ukitaka kumtoa twiga, utapigana na mti mpaka umtoe twiga wako. Lakini ukichonga mawingu unaufuata mti, unaondoa kisichotakiwa, unaacha upepo upite. "Angalia matundu," akasema. "Watu wanaangalia mti tu. Kazi iko kwenye matundu."

Nikaangalia matundu. Ni kweli, bwana. Yale matundu yalikuwa yamepangwa. Ukiinama kidogo unaona moja linapita ndani ya jingine, na mwanga unatembea humo kama maji. Nilikuwa nimeishi nacho siku tano, na sikuwahi kukiinamia.

Mzee akaniambia baba yake alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge Tanga. Tanga! Nikamfikiria mama mkwe wangu, na khanga yake. Sikukiuza.

Mji wetu una sura gani?

Tangu siku hiyo nimekuwa nauliza na kusoma, na nataka nikushirikishe msomaji, maana hili si la nyumba yangu peke yake.

Mgeni akishuka uwanja wa ndege leo, akakwambia nionyeshe Dar es Salaam ni ipi, utampeleka wapi? Wengi tutasema Posta, kwenye Sanamu ya Askari. Ni sanamu nzuri, sikatai. Ina kila kitu, buti, bunduki, uso. Lakini iliwekwa na serikali ya Waingereza mwaka 1927, kukumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na ilitengenezwa na Mwingereza na kuletwa kwa meli. Sura ni yetu, mkono si wetu.

Sasa sikiliza hii nyingine. Katika miaka ya 1950, wachongaji wengi wa Kimakonde kutoka upande wa Msumbiji walikuwa wameshavuka Ruvuma. Wengine walifuata kazi kwenye mashamba ya mkonge, na wengi walichoshwa na utawala wa Wareno. Mwaka 1960 Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, na mwaka 1964 vita ya ukombozi ikaanza. Frelimo yenyewe ilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1962. Watu wakaja na kile walichoweza kubeba. Wachongaji walibeba mikono yao.

Mmoja wao alikuwa Samaki Likankoa. Mjini palikuwa na mwenye duka la sanaa wa asili ya Kiasia, Mohamed Peera, aliyekuwa akinunua kazi za Wamakonde. Masimulizi yanasema kinyago alichokuwa akichonga Samaki kilivunjika mkono. Badala ya kukitupa akaendelea nacho, kikatoka kiumbe ambacho si mtu wala mnyama. Peera akakipenda, akataka vingine. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndivyo ulivyoanza mtindo tunaouita shetani. Baadaye wachongaji wengine wakaenda mbele zaidi, wakamwacha hata huyo kiumbe. Ikabaki mikunjo, mistari na uwazi. Hayo ndiyo mawingu.

Wasomi wanaiita sanaa dhahania, yaani sanaa isiyoiga sura ya kitu unachokijua. Wengi wetu tukisikia hivyo tunadhani ni mambo ya Paris na New York, ya matajiri kununua turubai lenye madoa kwa bei ya nyumba. Kumbe wakati ule ule, hapa Dar, mtu mwenye tezo na patasi, amekaa chini kwenye mkeka, alikuwa anafika huko huko kwa njia yake mwenyewe.

Na hebu hesabu waliohusika. Mchongaji kavuka mto, mwenye duka ni Muasia wa mjini, mpingo umetoka mikoa ya kusini. Jina ni la Kiswahili, na pwani yetu neno shetani si la kwenye mahubiri tu, ni kiumbe asiyeonekana anayeweza kumpanda mtu mpaka apungwe kwa ngoma. Mnunuzi mara nyingi kashuka kwenye ndege. Nikikuuliza Dar es Salaam ni nini, si ndiyo hiyo? Mji wa watu waliotoka kwingine, wakakutana, wakavunjikiwa mkono, wakaendelea.

Inaniuma kidogo, maana wenzetu waliliona hili zamani. Kule Japani, mkoa wa Mie, kuna mtu alivipenda vinyago vya Wamakonde mpaka akavijengea makumbusho yake. George Lilanga, aliyeishi kati ya 1934 na 2005, alianzia ulinzi pale Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa hapa Dar mwaka 1972, akayatoa mashetani kwenye mti akayapeleka kwenye rangi, na kazi zake zikatafutwa Ulaya na Marekani. Sisi wenye mji tunapita na daladala, tunasema vile vitu vya wazungu.

Tusishangae basi mchongaji akichonga twiga wanaofanana mia moja. Anachonga anachojua kitauzika, na mnunuzi wake anaondoka na ndege kesho. Mji ambao wenyeji wake hawanunui sanaa yao, unachongewa sura na wapita njia.

"Umekiuza?"

Tuliishia Mwenge. Nikaingia kwenye foleni, nikafika nyumbani jua limezama. Gari la mume wangu lilikuwa limeshapaki. Yeye alikuwa ameketi kibarazani gizani, bado na shati la kazini. Alikuwa ameona juu ya kabati ni patupu.

"Umekiuza?" Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Kiko kwenye buti."

Akashusha pumzi ndefu. Nikakaa pembeni yake. Nikamwambia habari ya mzee wa Mwenge na matundu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, sikumuuliza maana yake nini. Nikamuuliza kitu kingine: "Ulipokiona, ilikuwaje?"

Akakaa kimya muda mrefu, nami nikajizuia kuujaza ule ukimya. Mnaonijua mnajua hiyo ni kazi.

Akasema alikuwa ameshafika Kariakoo na hela mfukoni, akaona foleni ya duka ni ndefu, akageuza gari bila kujua anaenda wapi, akajikuta Mwenge. Akakiona. Akasimama. "Tangu mzee afariki," akasema, "watu wananiuliza unaendeleaje. Nasema namshukuru Mungu. Wewe unaniuliza una nini. Nasema sina kitu. Sidanganyi, mke wangu, sina neno la kuweka hapo. Nilipokiona kile kitu nikahisi kama kuna mtu anajua ndani yangu kukoje, halafu hajaniuliza swali."

Halafu akalia. Mume wangu hakulia msibani. Aliwapokea watu, akapanga viti, akasimamia chakula, akaingia kaburini kumpokea baba yake, akarudi kazini siku ya tano. Alilia kibarazani Goba kwa ajili ya mapazia.

Nawaambieni wenzangu, nilijisikia vibaya, lakini si kwa sababu ya hela. Kuhusu hela nilikuwa na haki, na alikiri. Hela ya watu wawili haitumiwi na mtu mmoja, iwe kwa pombe au kwa mpingo. Nilijisikia vibaya kwa sababu miezi yote ile nilikuwa namdai mtu maelezo, kama karani anayedai risiti. Sema una nini. Sema maana yake. Kumbe kuna mambo ndani ya mtu ambayo hayana sura bado. Ukiyalazimisha yawe twiga, utapata twiga, lakini hatakuwa yeye.

Mji wa khanga

Bado mama. Kwa sababu mapatano ya chumbani hayamalizi woga wa sebuleni.

Ijumaa mchana tulikuwa wawili tu, nakunja nguo. Nikafika kwenye ile khanga yake iliyofunika mawingu. Nikaitandaza kwenye kochi. Mnajua khanga ilivyo: pindo linazunguka, jina liko chini na maneno yake, na katikati ni mji. Mji wa hii ulikuwa na korosho kubwa nyekundu, madoa meupe, na mistari iliyojipinda ikirudi ilikotoka.

"Mama, hapa katikati ni nini?"

"Mji."

"Najua ni mji, mama. Haya yaliyochorwa humu. Ni nini?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. "Si urembo tu? Mji wake umekaa vizuri."

"Na maana yake?"

"Maana iko kwenye jina, mwanangu. Huku kwingine ni macho tu yanafurahi."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia mama, mwenye mawingu ndani ya nyumba hii ni wewe! Na ni kweli. Mama huyu amevaa sanaa isiyo na sura maisha yake yote. Amelala juu ya mkeka wa ukindu uliosukwa kwa pembe na mistari ya rangi. Mumewe amekwenda msikitini na kofia iliyotobolewa vitundu mia na kudariziwa kimoja kimoja, kwa mkono. Watu wa pwani tangu enzi wamejaza nakshi kwenye milango, mawimbi, majani, minyororo, bila kumchonga mtu. Jicho letu limezoea tangu utotoni. Limeacha kuzoea kitu kimoja tu: kuketi mbele ya urembo mgeni bila kudai kitambulisho chake.

Mama hakubadilika ghafla, msidanganyike. Aliinuka, akasogea kwenye kabati, akagusa lile tundu kubwa kwa kidole kimoja, akakitoa haraka. "Kazi ni ya mtu," akasema. "Kaketi nayo siku nyingi huyu." Halafu akaongeza kwamba alipokuwa mdogo, Wamakonde wa mashamba ya mkonge walikuwa na chale usoni, na watoto walikuwa wakiwakimbia. "Hatukuwahi kuwauliza wanatoka wapi."

Usiku akakifunika tena. Ni haki yake, na ni nyumba ya mwanawe.

Kwa mnaopanga nyumba

Basi, kwa vijana wenzangu mnaoanza maisha, nina machache ya kuwashauri, na nimeyalipia.

Kwanza, nendeni wawili. Kitu kitakachokaa sebuleni miaka 20 kichaguliwe na macho manne. Wekeni kiasi mapema na msikizidishe.

Pili, jueni mti. Mpingo wa kweli ni mzito kupita unavyotegemea, ukiutia kwenye maji unazama. Moyo wake ni mweusi au wa kahawia iliyoiva sana, na ganda la nje ni la rangi ya maziwa. Mara nyingi mchongaji anakiacha kipande cha ganda kionekane. Chukua kitambaa kibichi usugue sehemu isiyoonekana. Kikitoka na weusi wa rangi ya viatu, mshukuru muuzaji, ondoka. Na usibane sana bei: mpingo unachukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa, na huo huo ndio unaogombaniwa na watengeneza klarineti wa Ulaya.

Tatu, si lazima ununue. Peleka mpenzi wako Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, au Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1967. Nenda Nafasi, Mikocheni, ambako tangu mwaka 2008 wasanii wa sasa wanafanyia kazi. Ni mtoko mzuri kuliko kukaa kwenye baa kila mtu na simu yake.

Nne, mkiwa pale mbele ya picha au kinyago, msianze na swali la "maana yake nini". Anzeni na "wewe unaona nini?" Halafu nyamazeni. Utashangaa mtu unayelala naye kitanda kimoja anaona nini.

Sasa mtauliza, mapazia je? Bado. Tumeanza kuweka upya, na safari hii hela inakaa kwangu. Mawingu yako juu ya kabati, na pembeni yake imekunjwa khanga yenye korosho nyekundu. Mama aliiacha makusudi, ili akija aikute. Asubuhi, kabla hatujatoka kwenda kazini, mume wangu anavuta shuka la dirishani, mwanga unapita kwenye yale matundu, na ukutani kunatokea vivuli vinavyosogea taratibu. Juzi tumesimama pale wote wawili, na chai mkononi, tumechelewa.

"Unaona nini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Lakini hilo ni letu, sitaliandika hapa.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Na wale wa bajeti za harusi, sijawasahau.